Mke amepima mara tatu, mume hata mara moja

Mama mkwe alishuka Babati na basi la asubuhi kutoka Dareda, mkononi ana chupa ya maji ya plastiki iliyojaa dawa ya mizizi. Ilikuwa ya nne tangu mwaka uanze. Mkwewe aliipokea kwa mikono miwili, akaamkia, akashukuru, kisha akaipanga kabatini pamoja na zile tatu.

Ndoa ilikuwa imeingia mwaka wa tano bila mtoto. Kwa miaka hiyo mke alikuwa amepigwa ultrasaundi, amepimwa homoni, na amepimwa mirija ya uzazi, kipimo ambacho aliyekipitia hakisahau. Mara zote tatu majibu yalirudi mazuri. Kila alipoyafikisha nyumbani, mume alisema, "Basi tumshukuru Mungu, tusubiri." Yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga maabara.

Wote wawili ni wachapakazi. Mke anauza chakula cha mchana karibu na stendi: wali wa mchele wa Magugu, maharage, na samaki wa Ziwa Babati wakipatikana. Mume analima nyanya huko Magugu na kupeleka mjini. Nyuma ya nyumba wanafuga nguruwe, na ni nguruwe hao walioanzisha mazungumzo ambayo watu wa nyumba ile walikuwa wameyakwepa kwa miaka minne.

Majike mawili machanga yalikuwa yamevimba sehemu za uzazi, mekundu, kana kwamba yako kwenye joto. Yalipandishwa, hayakushika mimba. Jirani yao, mzee aliyestaafu kazi ya ubwana shamba, aliitwa aje kuangalia. Hakuwagusa nguruwe kwanza. Aliomba aonyeshwe chakula chao.

Akaletewa ndoo ya mahindi. Akachota kiganja, akachambua. Baadhi ya punje zilikuwa na ukungu wa rangi ya waridi.

"Haya mmeyatoa wapi?"

"Shambani, mzee," mke akajibu. "Mazuri tunasaga, mabaya tunawapa nguruwe."

Mzee akawaeleza kwamba kuna ukungu wa mahindi unaotengeneza sumu iitwayo zearalenoni. Ikiingia mwilini hujifanya estrojeni, homoni ya kike. Mwili hudanganyika: jike huvimba bila kuwa kwenye joto, na mimba hukataa kushika. Wafugaji na madaktari wa mifugo wanaijua sumu hii kwa nguruwe tangu zamani. Kwa binadamu ushahidi haujawa mzito kiasi hicho, ila hakuna anayeshauri mtu aile.

Mke alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na hayo tunayoyaita mazuri, nani aliyachambua?"

Swali lilikuwa na uzito, maana watu wa Manyara hawajasahau mwaka 2016, wakati sumukuvu, sumu ya ukungu mwingine wa nafaka, ilipoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ile ilishambulia ini na kuua kwa wiki chache, ndiyo maana iligonga vichwa vya habari. Sumu inayovuruga homoni haifanyi kelele. Homoni ni wajumbe, zinatumwa kwa kiasi kidogo sana kwenye damu kuuambia mwili ukue, upevushe yai, utengeneze mbegu. Kemikali inayofanana na mjumbe hubisha hodi na kufunguliwa mlango, na mwenye mwili hasikii maumivu yoyote. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) na lile la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) walitoa ripoti kubwa kuhusu kemikali za namna hii: baadhi ya viuatilifu, baadhi ya viungo vya plastiki, na nyingine nyingi. Ripoti ilitilia mkazo kwamba kipindi cha hatari zaidi ni mtoto akiwa tumboni na katika miaka yake ya mwanzo, wakati viungo vyake, vya uzazi vikiwamo, vinajengwa.

Jioni hiyo mke alilitazama jiko lake kwa macho mengine. Yeye, kama wapishi wengi wa mjini, alikuwa anafunika wali kwa mfuko wa nailoni ili uive kwa mvuke. Mkaa haushuki bei, na nailoni inabana joto kuliko mfuniko. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini nailoni za jikoni hazijakosekana. Joto na mafuta ndivyo vinavyosaidia kemikali kutoka kwenye plastiki na kuhamia kwenye chakula. Ulaya ilizuia bisfenoli A kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011, na chupa ile hutiwa maziwa ya uvuguvugu tu. Wali wa sufuria unachemka. Alirudi kwenye njia ya bibi yake, kupalia makaa juu ya mfuniko. Kwa wiki ya kwanza alitumia mkaa zaidi na alilalamika sana.

La mume lilikuwa gumu kuliko la wali. Anapiga dawa kwa bomba la mgongoni, fulana na kandambili, mara nyingi upepo ukimrudishia usoni. Fulana ile inafuliwa beseni moja na nguo za mke. Lebo ya dawa inataja siku za kusubiri kabla ya kuvuna, lakini dalali hasubiri, anataka nyanya iliyong'aa Jumatano. Na kuna jambo ambalo mume hakupenda lisemwe: pembeni mwa shamba ana tuta moja asilolipulizia kabisa. Nyanya za nyumbani zinatoka pale. Alikuwa anajua, basi, kwamba dawa si kitu cha kuchezea. Tumbo lake alilikinga, mapafu na ngozi akavisahau.

Mke alimwambia usiku, taa ikiwa imezimwa. "Nimepima mara tatu. Wewe hata mara moja."

"Mimi ni mzima."

"Hata mimi nilikuwa mzima. Nikaenda."

Hakujibu. Aliyemtoa nyumbani ni yule mzee, aliyemsimulia habari ya kiwanda cha kemikali kilichokuwa Lathrop, California. Mwaka 1977 wanaume waliokuwa wakitengeneza dawa ya kuua minyoo ya udongo, DBCP, walianza kuulizana kazini mbona wake zao hawabebi mimba. Walipopimwa, wengi wao walionekana kuwa na mbegu chache mno au kutokuwa nazo kabisa. Nguvu za kiume walikuwa nazo, ndevu walikuwa nazo, afya ilionekana njema. Dawa hiyohiyo iliwaathiri maelfu ya vibarua wa mashamba ya ndizi Amerika ya Kati.

"Mwanangu," mzee alimaliza, "wale wasingepimwa, wangefukuzwa wake zao."

Mume alikwenda. Majibu: mbegu chache kuliko inavyotakiwa. Daktari alimuuliza kazi yake, sigara, pombe, homa alizougua, matabibu gani amewahi kuwaona. Hakumwambia kwamba dawa za nyanya ndizo zilizoleta hali hiyo, kwa sababu hakuna kipimo cha siku moja kinachoweza kusema hivyo, na sababu za ugumba ni nyingi. Kwa wanawake wa huku, mirija iliyoziba kwa maambukizi yasiyotibiwa ni mojawapo ya zile kubwa. Alimwambia kwamba mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, kwa hiyo ajiepushe na dawa na kupumua kile kinachomdhuru, ale vizuri, kisha arudi kupima upya. Alimwambia pia kwamba kwa takwimu za WHO za mwaka 2023, karibu mtu mmoja kati ya sita duniani hupitia ugumba katika maisha yake. Mume alilirudia hilo njiani mara mbili, kama mtu aliyepunguziwa mzigo.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kumwajiri kijana apige dawa.

"Na yeye hatataka watoto?" mke akauliza.

Wakanunua buti, glavu, koti la mikono mirefu na barakoa yenye chujio. Fedha yake ilitoka kwa nguruwe mmoja aliyeuzwa. Nguo za dawa sasa zina beseni lake. Mahindi yanachambuliwa ugani kabla ya kwenda mashineni, na yenye ukungu yanafukiwa. Dalali alikasirika kusubirishwa, akahamia kwa jirani. Aliyemfuata analipa pungufu.

Mama mkwe alikuja tena na chupa ya tano. Mkwe alinyoosha mikono kuipokea, lakini mume alimtangulia.

"Mama, hii nipe mimi. Mwenye tatizo ni mimi."

Mama alishika chupa yake muda mrefu. Akaketi kwenye kigoda, akaiweka chini miguuni, akauliza siku ya kurudi hospitali ni lini.