Tangu Nilipoanza Kupima Oili

Kwa miaka mingi nilikuwa mwanamke wa kumkabidhi fundi ufunguo, kukaa kwenye benchi na kungoja niambiwe ni pesa ngapi. Siku hizi fundi hafungui nati yoyote ya gari langu kabla hajanieleza kwa nini. Kilichonigeuza ni Subaru Legacy GT ya mwaka 2005, wagoni yenye turbo, niliyoachiwa na kaka yangu alipohamia Kanada.

Wapenzi wa magari wanalijua hili. Toleo lake lilipotoka mwaka 2003 lilitwaa tuzo ya Gari la Mwaka nchini Japani, na injini yake ya lita mbili, EJ20, ni ya ukoo mmoja na injini zilizowapa Colin McRae na Richard Burns ushindi wa Safari Rally, mmoja mwaka 1997, mwenzake mwaka 2000. Hapa Mombasa bado nasimamishwa na vijana wakiniuliza kama linauzwa.

Mimi lakini sikulipenda. Kila bili iliponifikia nilijiambia kwamba magari haya kazi yake ni kula pesa, nikalipa, nikanyamaza. Nadhani wengi wetu twaishi na magari yetu ya zamani kwa imani hiyo hiyo, na imani hiyo ndiyo iliyo ghali kuliko spea yoyote, kwa sababu inatuzuia kuuliza.

Turbo ndiyo iliyoniamsha. Nilikuwa napanda Mazeras nikaanza kusikia mlio mwembamba, kama mluzi, na nyuma moshi wa rangi ya buluu. Gereji ya kwanza iliniambia turbo imekufa, itolewe, iwekwe nyingine ya mtumba kutoka Japani. Gharama ilikaribia laki moja, pamoja na kazi. Ikawekwa. Haukupita muda mrefu, mluzi ukarudi.

Ndipo jirani akanipeleka kwa mzee mmoja huko Changamwe. Hakugusa turbo kwanza. Alifungua bolti moja tu kwenye paipu inayopeleka oili kwenye turbo, akaiinamisha mwangani na kuniita. Ndani yake mlikuwa na kichujio kidogo cha wavu, kimezibwa na utandu mweusi wa oili iliyoungua.

“Tazama hapa, mwanangu,” akasema. “Hiki ndicho kilichoiua turbo ya kwanza. Na hii ya pili ilikuwa njiani.”

Nikamwambia, “Mzee, na wale walionibadilishia turbo hawakukiona?”

“Waliulizwa?”

Akanieleza taratibu. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na haushikwi na kitu ila utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua njiani, hata kwa muda mfupi, beringi zake zinaungua. Oili yenyewe, isipobadilishwa kwa wakati, hupikwa na joto la turbo ikaganda, na mgando huo hukimbilia kwenye wavu ule. Ukiweka turbo mpya bila kusafisha njia ya oili, umeiweka ile mpya mahali ilipofia ya zamani. Bolti na kichujio chake havikufika hata bei ya mafuta ya kunipeleka Voi na kunirudisha.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nimebadilika, na nalisema hili bila kutia chumvi. Niligundua kwamba gharama niliyokuwa nikiiona kama bahati mbaya ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe mtu yeyote anaweza kuonyeshwa akaielewa. Sikuhitaji kuwa fundi. Nilihitaji kusimama karibu na bonneti, si kwenye benchi.

Tangu hapo oili yangu ni sinthetiki, naibadilisha kila kilomita 5,000, na kila nikijaza mafuta nachomoa kijiti, gari likiwa mahali tambarare na injini imetulia. Injini hizi za turbo zikizeeka huwa na desturi ya kula oili kidogo kidogo bila kuvuja hata tone chini. Dereva asiyepima hajui, mpaka siku atakaposikia injini inagonga kwa ndani, na ikishanoki hapo hakuna tena habari ya matengenezo madogo.

Mkanda wa taimingi ndio wa pili kwa hatari. Katika injini hii mkanda mmoja unazungusha kemu zote nne, na ukikatika valvu na pistoni zinagongana. Huko Japani unapendekezwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Langu lilikuwa limeshapita hapo na hakuna karatasi iliyoonyesha kama umewahi kuguswa, kwa hiyo niliubadilisha pamoja na roli zake na pampu ya maji kwa wakati mmoja, maana ili kuifikia pampu ni lazima mkanda utoke, na sioni sababu ya kulipia kazi moja mara mbili. Nililipa kama Sh35,000, spea zikiwa zimeletwa kwa basi kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Bei ya injini ya mtumba ni mara kadhaa ya hiyo.

Halafu kuna mambo ya pwani yetu. Foleni ya feri ya Likoni mchana wa Februari ni mtihani kwa rejeta yoyote, sembuse ya zamani yenye vichwa vya plastiki ambavyo hupasuka kwa uzee. Nikiwa pale macho yangu hayabanduki kwenye geji ya joto. Chumvi ya hewani nayo hula mabomba ya breki na matao ya magurudumu, kwa hiyo naliosha chini pia, si juu tu. Gasketi za vifuniko vya valvu zilikuwa zikidondosha oili kwenye egzosi, ndiyo ile harufu ya kuungua niliyoizoea. Beringi za magurudumu ya nyuma zilibadilishwa. Na kwenye kifuniko cha tangi kuna kibandiko cha Kijapani nilichokuwa nikikiona kama urembo: kinaagiza petroli ya oktani ya juu. Sasa nakitii, hata bei ikiniuma.

Gari hili si rahisi kulitunza, na sitamdanganya mtu kwamba linaweza kuwa hivyo. Lakini bili zake hazinishtui tena, kwa kuwa nyingi naziona zikija, na lori likinibana kwenye mlima wa Mazeras nalipita bila hofu.

Wewe unayelitamani gari kama hili, kabla hujatoa pesa lipeleke kwa fundi wako, si wa muuzaji, akupimie kompresheni ya silinda zote nne. Muuzaji akikataa, mwachie gari lake. Akikubali na ukalinunua, usimalize akiba yote kwenye bei: bakisha angalau robo kwa ajili ya mkanda, oili, rejeta na njia ya oili ya turbo, na kazi hizo zifanywe mwezi wa kwanza, ukiwa umesimama pale pale unatazama.