Mwanga wa Mshazari

Babu yangu mzaa mama aliandika mashairi yake kwa penseli ngumu, katika madaftari ya shule, na mkono wake ulikuwa mzito. Kila herufi aliikandamiza mpaka karatasi ikabonyea. Katika daftari lake la mwaka 1961 kuna ukurasa uliochanwa, na karatasi iliyokuwa chini yake imebaki na alama za ule uliotoka. Kwa macho ya kawaida ni karatasi tupu. Ukipitisha kidole unahisi kitu, kama kovu la zamani lililokwisha kuchukua rangi ya ngozi.

Watoto wa shule wana njia yao ya kusoma alama kama hizo: husugua penseli kwa ubavu juu ya karatasi, na mibonyeo ikabaki myeupe. Sikuthubutu, maana karatasi ikishasuguliwa haisafishiki tena. Wachunguzi wa hati za kughushi wana mashine inayotumia umeme tuli na unga mweusi kuyadhihirisha maandishi ya namna hii. Nyumbani kwa Bibi, Tanga, palikuwa na simu yangu, tochi mbili na boksi la televisheni.

Aliyekulia pwani anaijua kanuni yenyewe hata kama hajawahi kuipa jina. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mchanga wa ufuoni huonekana sawa kama shuka lililotandikwa. Rudi jioni, jua likiwa limeinama, utaona nyayo za kaa, michirizi ya maji, vidole vya mtoto aliyepita asubuhi. Kila kishimo kimepata kivuli chake. Wapiga picha wetu huuita mwanga wa pembeni, lakini pembeni ni neno pana mno. Hata dirisha liko pembeni. Mimi nimechagua kusema mwanga wa mshazari, kwa kuwa neno hilo limebeba ule mwinamo, na mwinamo ndio siri yote.

Boksi nililitoboa juu tundu la ukubwa wa jicho la kamera, nikalaza simu hapo ikitazama chini. Ndani nililivika kaniki, kwa sababu kuta zenye rangi hafifu hurudisha mwanga na kuvijaza vivuli ambavyo ndivyo nilivyokuwa nikivitafuta. Kwa picha ya sura ya mtu ningefanya kinyume chake: kitambaa cha kanzu mbele ya taa ili mwanga ulainike, na karatasi ya fedha ya jikoni upande wa pili ili kivuli kipungue. Ufundi wa namna hiyo una heshima yake. Seydou Keïta alipowapiga watu picha zake mashuhuri mjini Bamako, shuka la kitanda chake lilikuwa pazia la nyuma, na jua la uani ndilo lililokuwa taa. Lakini mimi nilitaka kivuli kikali, chembamba, kisicho na huruma.

Tochi niliitia katika bomba la karatasi ya chooni, nikaziba mdomo kwa utepe mweusi na kuacha mwanya mwembamba. Kisha nikaisogeza mbali, karibu mita moja, kupitia ubavu wa boksi nilioukata. Umbali huo una sababu. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali maradufu, unaobaki ni robo. Tochi ikiwa karibu, ukingo mmoja wa karatasi huungua kwa weupe na mwingine huzama gizani; ikiwa mbali, tofauti kati ya kingo mbili huwa ndogo. Nikaiinamisha hadi miale ikawa karibu kuilamba karatasi. Simu niliipangia kujipiga yenyewe baada ya sekunde 10, ili kidole changu kisiitikise, na pembe nne za ukurasa nikazishikiza kwa sarafu za shilingi 200.

Bibi alipita mlangoni akanikuta nimeinama gizani, kaniki begani, tochi inawaka chini.

“We mume wangu,” akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi mjukuu wake, “unawanga humo?”

Nilicheka sana, kisha nikalibeba swali lake siku nzima. Mwanga wa ngeli ya U-I hutuonyesha njia. Mwanga wa ngeli ya A-WA hutoka usiku kufanya mambo yasiyotakiwa kuonekana. Sijui kama maneno hayo ni ndugu wa damu au yamekutana njiani tu, ila siku ile yote mawili yalinifaa.

Jambo moja vitabu vya kupiga picha hulitaja kwa haraka, nami nataka kukaa nalo. Mfereji unaoelekea kulekule mwanga unakokwenda hautoi kivuli. Ukimulika kutoka kushoto, utaona vijiti vilivyosimama vya l na t na k, lakini mstari unaokata t hutoweka. Ukimulika kutoka juu ya ukurasa, mistari ya kulala hujitokeza na vijiti hufutika. Kwa hiyo kila mshororo ulinijia nusu nusu, na ilinibidi nipige picha nane kwa kila sehemu, nikiizungusha tochi na kuiacha simu palepale. Wenye maabara hufanya vivyo hivyo kwa kompyuta. Mwaka 2001 Tom Malzbender na wenzake wa Hewlett-Packard walichapisha njia ya kuziunganisha picha zilizopigwa kwa mwanga wa pande mbalimbali, na mwaka 2005 njia hiyo ilisaidia kusoma maandishi yaliyochakaa ya mtambo wa kale wa Antikythera. Mimi niliziunganisha kwa macho, na kwa arudhi.

Naam, arudhi. Babu alikuwa mtu wa tarbia, mizani nane kwa nane, na hakuwahi kuvunja. Mwanga ukinipa silabi tano za kipande, najua zimepotea tatu, wala si nne. Kina nikikipata katika mshororo mmoja, nimekipata katika mitatu. Wanaotuambia kwamba mizani na vina ni minyororo tu, ningependa wajaribu kusoma shairi huru lililobonyea kwenye karatasi.

Lakini arudhi nayo ina mpaka. Kipande kimoja kilinipa “nimekujia ku”, kisha herufi isiyosomeka, kisha “ga”. Kuoga? Kuiga? Kuaga? Mizani ileile, kina kilekile. Kwa mwanga wa juu niliona tumbo la mviringo, basi kuiga kukatoka. Nikamulika kutoka kushoto. Upande wa kulia wa lile tumbo kukachomoza kijiti kifupi chenye mkia. Ilikuwa a.

Babu hakuaga. Alikuwa karani wa shamba la mkonge hadi alipostaafu, na alifia katika nyumba hiihii, Bibi akiwa pembeni yake.

Nilizima tochi. Nilimkumbuka Miroslav Tichý, wa mji wa Kyjov katika Chekoslovakia ya wakati ule, ambaye alijitengenezea kamera kwa makaratasi magumu na vigurudumu vya nyuzi, akazing'arisha lenzi zake kwa dawa ya meno na majivu. Kwa kamera hizo aliwapiga picha wanawake wa mji wake, wengi bila wao kujua. Nastaajabia mikono yake. Picha zake siwezi kuzitazama kwa muda mrefu.

Nikaenda uani. Bibi alikuwa akichambua mchele.

“Bibi, ule ukurasa wa daftari la Babu. Naanza kuusoma.”

“Umefika wapi?”

“Nimekujia kuaga.”

Aliupepeta ungo mara mbili, tatu.

“Nililichana mimi,” akasema. “Alikuwa hajamaliza hata kunisomea.”

“Alitaka kwenda wapi?”

“Si alikaa?” Akatoa kijiwe, akakitupa. “Hizo ulizokwisha kuzisoma ni zako. Zilizobaki ziache humohumo.”

Nilikuwa nimesoma beti mbili. Kwa kuhesabu mistari, chini yake zipo nne. Kipande kimoja nilichokiandika hapa amekiruhusu. Sitasema kwamba nimeridhika. Kila masika karatasi hunywa unyevu na mibonyeo hulegea, na ipo siku hata mwanga wa mshazari hautakuta kitu. Bibi analijua hilo, nilimweleza. Alisema vizuri.

Daftari nimelifunga kwa kitambaa kikavu, bila kulilaza chini ya kitu kizito. Boksi liko nyuma ya mlango, na Bibi ameweka vitunguu ndani yake.