Menyu Iliyopangwa kwa Mkono

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilifanya kazi katika steshenari moja Temeke, na kompyuta zetu zilitumia Windows 98. Kila programu mpya ilijifungulia folda yake kwenye menyu ya Start, mara nyingi kwa jina la kampuni iliyoitengeneza. Mteja aliyetaka kupunguza picha ya pasipoti angejuaje aanzie kwenye jina la kampuni ya Marekani? Nikaamua kuipanga menyu kwa kazi: Barua na Hesabu, Picha, Muziki, Matengenezo.

Haikuhitaji fundi. Menyu ile ilikuwa folda kama folda nyingine, na vilivyomo ni njia za mkato tu; ukihamisha moja, programu yenyewe inabaki palepale kwenye diski. Uliburuta, ukabadili jina, ukatia folda ndani ya folda. Njia za kuondolea programu nilizificha ndani kabisa ya Matengenezo, mbali na watoto waliokuja kucheza gemu. Waliokuja kujifunza kompyuta waliisoma menyu yetu kutoka juu hadi chini, na kwa kuisoma tu wakajua mashine inaweza kufanya nini. Hilo ndilo nililolipenda kuliko yote.

Windows XP ilipokuja mwaka 2001, mashine ilianza kupanga yenyewe: upande wa kushoto ikaweka programu zinazotumika sana. Vista, mwaka 2007, ikaleta kisanduku cha kutafutia ndani ya menyu. Unaandika herufi mbili tatu, programu inatokea. Ni kitu chepesi na ninakitumia kila siku, lakini kinamfaa anayejua jina la anachotafuta. Mama anayetaka kukata picha ya harusi, asiyejua programu inaitwaje, ataandika nini?

Windows 8 ya mwaka 2012 iliondoa kitufe cha Start na kujaza vigae skrini nzima. Watu walilalamika sana, na mwaka uliofuata kitufe kikarudi. Windows 10, mwaka 2015, ilirudisha menyu yenyewe pamoja na makundi ya vigae unayoweza kuyapa majina. Orodha kamili, hata hivyo, ikabaki ya alfabeti, na folda ndani ya folda hazionekani tena.

Kwa maoni yangu tulipoteza jambo kubwa: menyu iliyomwonyesha mgeni kazi zinazowezekana, kwa maneno anayoyaelewa. Bado kuna nafasi ya kuirudisha kidogo. Kwenye Windows 11 iliyosasishwa tangu mwaka 2022, ukiburuta programu moja iliyobandikwa juu ya nyingine, folda inazaliwa, nawe unaipa jina. Ukimwandalia mzazi au mwanafunzi kompyuta, usimwachie kama ilivyotoka dukani. Mpangie folda kwa kazi zake, na uzipe majina ya Kiswahili.