Kuku wa mama hawaugui mayai

Jumapili moja ya Machi nilifungua banda asubuhi. Kuku watatu wakatoka wakikimbilia chakula, wa nne akabaki ndani. Nilipochungulia nikamkuta amesimama wima, mabawa yamelegea, macho nusu ameyafumba. Mkia wake ulikuwa unajikaza na kulegea, unajikaza na kulegea. Mwanangu alimwita Malkia siku tulipomleta, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kutoka kwenye boksi. Nikampakata na kumpapasa tumbo taratibu. Nyuma kabisa, karibu na njia ya yai, vidole vyangu vikagusa kitu kigumu cha mviringo kisichosogea.

Nikampigia mama. Huku Newcastle ilikuwa saa tatu asubuhi, kwake Singida saa sita mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza. Akaanza kuniuliza yale anayouliza siku zote kuku akizubaa. Ametoka na wenzake au amebaki nyuma? Choo chake cha kijani au cheupe? Shingo imepinda? Anakoroma akivuta pumzi? Nilipomjibu kwamba amebaki nyuma lakini mengine hapana, akasema, "Basi si mdondo, mshukuru Mungu." Ndipo nikamwambia nadhani yai limekwama. Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Mama amefuga kuku kwa zaidi ya miaka arobaini. Amewaona wakifa kwa mdondo, kwa ndui, kwa kuhara damu, wamebebwa na mwewe, wamegongwa na bodaboda. Kuku aliyeshindwa kutoa yai hajapata kumwona.

"Linakwamaje?" akauliza. "Kuku anajua kutaga."

Swali hilo nimekaa nalo miaka miwili sasa. Sisi tulio ughaibuni tukizungumzia matibabu, ya watu au ya mifugo, hulinganisha dawa: huku wana hiki, nyumbani hatuna. Kwa kuku nimeona kwamba hata ugonjwa wenyewe si mmoja. Kwa mama ugonjwa unatoka nje, unaingia kwa mlango wa banda. Kwangu unatoka ndani ya kuku mwenyewe.

Nianze na ule wa nje, maana ndio nilioujua kwanza. Mwaka 1996 nilikuwa darasa la nne. Kiangazi kilikuwa kinaishia, mvua bado, na huo ndio wakati mdondo hupita. Wengine huuita kideri. Asubuhi moja mama alifungua banda wakatoka wachache, wakipepesuka. Kulikuwa na kuchi mmoja mkubwa ambaye baba alimpenda sana, naye shingo ilikuwa imejisokota, kichwa kinatazama juu, anazunguka palepale. Kinyesi cha kijani kilikuwa kila mahali. Mama akaponda majani ya mwarobaini, akakamua shubiri kwenye maji, akawanywesha mmoja mmoja. Waliokuwa na nguvu aliwafunika chini ya tenga peke yao. Jioni akamwita kaka yangu awahi kisu kabla hawajawa vibudu, na usiku ule tulikula nyama bila furaha. Baada ya siku sita, katika kuku thelathini na kitu walibaki wawili. Kuku wale ndio waliokuwa sare yangu na madaftari ya mwaka uliofuata.

Mdondo hauna dawa, iwe ni mwarobaini, vitunguu saumu, pilipili kichaa au ile poda ya antibayotiki inayogeuza maji kuwa manjano. Ni ugonjwa wa virusi, na antibayotiki haiui virusi. Nalisema hili waziwazi kwa sababu bado nasikia ndugu zangu wakinunua poda hiyo kila kiangazi, na kila kiangazi wanazika.

Kinachosaidia ni tone moja. Chanjo ya I-2 ilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia, na leo inatengenezwa kwetu, Kibaha. Uzuri wake ni kwamba inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, kwa hiyo inaweza kufika vijijini kusiko na friji. Kuku anadondoshewa tone moja katika jicho moja, basi. Inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, kwa hiyo majirani wanachangishana na kukubaliana siku. Alfajiri, kabla banda halijafunguliwa, mchanjaji anapita nyumba hadi nyumba. Mtoto anamshika kuku, mchanjaji anageuza kichwa chake ubavu na kudondosha, anasubiri jicho lipepese, kisha anamwachia. Tangu mama aanze kuchanja hajapata tena msiba kama ule wa 1996. Ila ananiambia kwamba nyumba moja ikikataa kuchangia yeye hupoteza usingizi, maana kuku hawajui mipaka ya viwanja.

Na jina la ugonjwa huo kwa Kiingereza ni jina la mji huu ninaoishi. Mwaka 1926 uliua kuku karibu na Newcastle upon Tyne, mwaka uleule ulipozuka kisiwani Java, na mwaka uliofuata mtaalamu aitwaye Doyle akaupa jina la mji. Nilijua hilo nikiwa tayari naishi hapa. Nilishuka mtoni siku hiyo nikasimama kwenye daraja, nikimkumbuka kuchi wa baba akizunguka uani. Huku mdondo sasa ni nadra sana, na anayeushuku analazimika kisheria kutoa taarifa serikalini mara moja.

Sasa nirudi kwa Malkia. Yeye alitoka kwenye shamba la biashara. Huku kuku hao wakifikisha mwaka na nusu hivi, mayai yakianza kupungua, huondolewa wote kwa pamoja, na yako mashirika ya hisani yanayowaombea nyumba kwa watu wa kawaida kama mimi. Alikuja akiwa uchi shingoni, kucha ndefu kwa kukosa ardhi ya kuparua, lakini amechanjwa kila kitu. Mdondo hauwezi kumgusa kirahisi. Kinachomuua kuku wa aina yake ni kazi. Amezalishwa kwa uteuzi wa vizazi vingi ili atage mayai 300 na zaidi kwa mwaka, na kila ganda linadai gramu mbili hivi za kalisi kutoka mwilini mwake. Kalisi ikipungua, misuli ya kusukuma yai inakosa nguvu. Yai linakwama, au kiini chake kinamwagikia tumboni na kuoza humo.

Nilijaza beseni maji ya uvuguvugu, nikamzamisha hadi tumboni. Nilitarajia apigane. Alitulia. Manyoya yalifunguka majini, harufu ya vumbi lililolowa ikapanda, na baada ya dakika chache akaegemeza kichwa kwenye kiwiko changu. Nilimshika hivyo dakika ishirini, nikiongeza maji ya moto kidogo kidogo kwa kikombe. Kisha nikamkausha kwa taulo, nikampaka mafuta kwenye njia ya yai, nikasaga kidonge cha kalisi na kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikamweka kwenye boksi lenye giza kando ya hita. Sikubonyeza tumbo. Yai likipasukia ndani, vipande vyake vinamchana, na hapo unakuwa umemuua kwa mikono yako. Mchana nikarudia beseni. Saa kumi jioni nikasikia amesogea. Yai lilikuwa limetoka, ganda lake laini lenye mikunjo, kama karatasi iliyolowa.

Siku ya pili alikuwa bado mnyonge. Nikapiga simu kliniki mbili za wanyama, zote zikaniambia hazitibu kuku. Ya tatu ikamkubali. Daktari alimpima joto, akasikiliza kifua, akampa dawa ya maumivu na antibayotiki. Kabla ya yote aliniuliza, "Mayai yake mnakula?" Kwa sheria ya huku kuku ni mfugo wa chakula, hata awe na jina na alale jikoni. Akaandika kwenye karatasi tarehe ambayo hatukuruhusiwa kula yai lake kabla haijafika. Wiki mbili tulifukia mayai bustanini.

Nililipa pauni 62. Kwa mama hizo zingenunua karibu kuku kumi, na ndiyo maana simlaumu mtu yeyote nyumbani anayewahi kisu. Huwezi kutumia kwa kuku pesa kuliko thamani yake wakati kuku mwenyewe ndiye benki yako. Lakini lile swali la daktari nimelibeba na kulipeleka Singida. Pale kwetu unaingia duka la dawa za mifugo, unataja kuhara, unapewa poda, unaondoka. Hakuna anayeuliza kuhusu mayai. Kuku ananyweshwa leo na mtoto anakula yai lake kesho asubuhi, au kisu kinawahi dawa ikiwa bado mwilini. Nilimweleza mama kwamba dawa hiyo inaingia kwa mlaji, na kwamba vijidudu vinavyoizoea ndivyo vitakavyotushinda tukilazwa hospitali. Alinisikiliza. Siku hizi anamfunga kuku aliyenyweshwa dawa kamba nyekundu mguuni, na mwenye kamba haliwi wala mayai yake hayauzwi hadi siku zilizoandikwa kwenye paketi ziishe.

Naye alikuwa na lake la kunipa. Aliniuliza, "Huyo Malkia ameatamia mara ngapi?"

"Hajaatamia hata mara moja."

"Tangu azaliwe?"

"Tangu azaliwe, mama."

Akanyamaza tena. Koo la mama hutaga mayai kumi, kumi na matano, halafu hukaa. Huatamia siku 21, huangua, kisha hutembea na vifaranga wake miezi. Wakati wote huo hatagi. Sisi tulizoea kuona hiyo ni hasara, na wataalamu wengi wametuambia hivyo, tuondoe uzembe wa kienyeji tulete mbegu inayotaga kila siku. "Kumbe hapumziki," mama akasema. "Kuku anachoka kama mtu, mwanangu."

Kuku hutaga kwa kufuata mwanga. Singida urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo mapumziko ya kuku ni kule kuatamia. Newcastle mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na kuku aliyeachwa na giza hilo huacha kutaga, hunyonyoka, huota manyoya mapya. Mashambani huwashiwa taa ili wasiache. Nami nilikuwa na taa, nimeifunga bandani majira yale ya kwanza kwa sababu kila mtu aliniambia mayai yatapungua. Niliitoa.

Sikuwaokoa wote. Katika wale wanne, wawili wamekwisha kufa, mmoja tumbo lilijaa maji ya yai lililooza na daktari akashauri alazwe usingizi wa mwisho. Nilimshika mpaka akaishiwa pumzi. Malkia yupo.

Wiki iliyopita mama alinipigia kwa video, kwake kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Ilikuwa siku ya chanjo. Aliegemeza simu kwenye mtungi, nikaona mikono ya mpwa wangu ikimshika mtetea mwenye madoa, tone likadondoka, jicho likapepesa. "Ishirini na saba," mama akahesabu, akamwachia. Kisha akauliza Malkia anaendeleaje. Nikamwambia ana wiki tano hajataga, manyoya ya shingo yameota.

"Mwache," akasema, akanyoosha mkono kumchukua wa ishirini na nane.