Maagizo Yaliyo Wazi: Kikokotoo cha Kompyuta na Somo la Hisabati

Mwalimu wa hisabati hutoa maagizo mengi kwa siku kuliko anavyotambua. Husema "jumlisha", "toa", "anza na mabano", naye huona amesema vya kutosha, kwa kuwa yeye mwenyewe tayari anayajua mambo ambayo maneno hayo hayakuyataja. Mwanafunzi hayajui, kwa hiyo hulazimika kukisia. Akikisia sawasawa hupewa alama ya vema. Akikisia vingine hupewa alama ya kosa, wala haelezwi ni wapi alipopotea. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi ya kuandika programu ndogo ya kikokotoo ilivyotuwezesha kuyatazama maagizo yetu upya, na jinsi mwalimu anayejiandaa kufundisha shule ya msingi anavyoweza kuitumia njia hiyo hata kama shule yake haina kompyuta.

Mahali na Chombo

Kazi hii tuliifanya Mwamapalala, mahali palipokuwa katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, na ambapo tangu mwaka 2012 pamo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Ni nchi ya wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Watoto wengi huzungumza Kisukuma nyumbani, kisha hujifunza hesabu kwa Kiswahili shuleni. Sisi tulikuwa walimu wachache wenye kompyuta mpakato moja, tukikutana jioni baada ya vipindi. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuandika programu, na jambo hilo halishangazi: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata baada ya marufuku hiyo kuondolewa ilipita miaka mingi kabla ya chombo hiki kufika vijijini.

Tulitumia lugha ya Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Lugha hii hupatikana bila malipo. Programu yetu ilifanya kazi katika dirisha la maandishi matupu, lisilo na picha wala vitufe vya kubofya. Kompyuta huuliza namba ya kwanza, alama, kisha namba ya pili. Mtumiaji huandika, na jibu hutokea katika mstari unaofuata.

Yawezekana msomaji akauliza: kwa nini kutengeneza kikokotoo ilhali kila simu inacho? Jibu letu ni kwamba hatukuhitaji majibu ya hesabu. Tulihitaji mwanafunzi asiyejua kukisia hata kidogo, na kompyuta ndiyo mwanafunzi huyo.

Tarakimu na Namba

Somo la kwanza lilikuja katika hesabu ya 2 + 3. Katika Python, kila kinachoandikwa na mtumiaji hupokewa kuwa maandishi. Ukiiagiza kompyuta ijumlishe maandishi "2" na maandishi "3", itayaweka bega kwa bega na kukupa 23. Ili upate 5, huna budi kuiagiza kwanza iyageuze maandishi yale kuwa namba.

Mwanzoni tuliiacha programu bila agizo hilo makusudi, tukawaonyesha wanafunzi wa Darasa la Nne. Walicheka sana. Baada ya kicheko tukawauliza tofauti iko wapi kati ya 2 iliyoandikwa ubaoni na mbuzi wawili walio zizini. Hapo ndipo mazungumzo ya tarakimu na namba yalipopata maana: tarakimu ni alama tunayoiandika, namba ni kiasi tunachokikusudia. Mtoto anayeandika 12 na 9 kisha akajibu 129 amefanya lile lile lililofanywa na kompyuta. Hakuambiwa, kwa namna aliyoielewa, kwamba alama zile zinasimama badala ya vitu vinavyohesabika.

Neno "Toa"

Somo la pili lilitoka katika Kiswahili chenyewe. Tunasema, "Toa tatu katika kumi." Katika usemi huu tatu hutangulia, katika maandishi kumi hutangulia: 10 − 3. Mtu anayesikia agizo kwa masikio, kisha akaiandikia kompyuta kwa mfuatano ule ule aliousikia, atapata −7. Kompyuta haitashangaa wala kumwuliza kama kweli ndivyo alivyokusudia.

Mtoto anayekwenda shule akiwa na lugha nyingine ya nyumbani hukutana na kikwazo hiki kila siku. Akiandika 3 − 10, ameusikia vyema mpangilio wa maneno. Kilichobaki ni kufundishwa kwamba neno "katika" hugeuza mpangilio. Jambo hili lafaa lifundishwe waziwazi, kwa mifano mingi, kabla ya kumpa mtoto mafumbo ya hesabu.

MAGAZIJUTO

Hakuna mwalimu wa shule ya msingi asiyeijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni msaada mkubwa wa kumbukumbu. Kikokotoo chetu cha kwanza kilishughulikia alama moja kwa wakati, kutoka kushoto kwenda kulia, kama vilivyo vikokotoo vingi vidogo vya dukani. Kwa 2 + 3 × 4 kilipata 20, kwa kuwa kilijumlisha kwanza. Jibu ni 14, na MAGAZIJUTO hutuambia sababu: kuzidisha hutangulia kujumlisha.

Lakini tazama hesabu hii: 10 − 3 + 2. Mwanafunzi anayeifuata MAGAZIJUTO herufi kwa herufi atajumlisha kwanza, kwa sababu JU imetangulia TO. Atapata 3 + 2 = 5, kisha 10 − 5 = 5. Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na hufanywa kwa mfuatano kutoka kushoto. Kadhalika kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja. Kifupisho hiki, kwa kuwa herufi zake hazina budi kupangwa katika mstari mmoja, hakiwezi kuonyesha usawa huo.

Tulipotaka kuiandikia kompyuta utaratibu wa MAGAZIJUTO, tulilazimika kuyasema haya yote wazi: ngazi ya kwanza mabano, ngazi ya pili kugawanya na kuzidisha, kushoto kwenda kulia, ngazi ya tatu kujumlisha na kutoa, kushoto kwenda kulia. Ngazi tatu za vitendo, si tano. Tunawashauri walimu waiandike MAGAZIJUTO ubaoni kwa ngazi hizi tatu. Mtoto aliyepata 5 alikuwa mtiifu kwa agizo alilopewa. Kumwambia kwamba hakuwa makini ni kumdhulumu.

Kugawanya

Kompyuta ilituuliza pia tunakusudia kugawanya kwa namna gani. Katika Python, alama moja hugawanya 7 kwa 2 na kutoa 3.5, alama nyingine hutoa 3, ya tatu hutoa baki, yaani 1. Sukari kilo 7 huwagawanyikia watu 2 kwa kilo 3.5 kila mmoja. Ng'ombe hai 7 hawagawanyiki hivyo: kila mrithi hupata 3, na 1 hubaki akijadiliwa. Ni vitu vyenyewe vinavyoamua jibu lipi lifae.

Na kugawanya kwa sifuri je? Python hukataa na kusimamisha programu. Sisi tuliandika kugawanya kwa njia ya kutoa mfululizo: toa 3 katika 12 mpaka kisibaki kitu, kisha hesabu umetoa mara ngapi. Jibu ni mara 4. Kisha tukaiagiza kompyuta itoe 0 katika 12 kwa njia ile ile. Ikaandika 12, 12, 12, mistari ikashuka bila kikomo, hadi tulipoisimamisha. Msichana mmoja aliyekaa mbele akasema, "Haitaisha, mwalimu, kwa sababu haitoi kitu." Maelezo hayo yalizidi ubora wa neno "haiwezekani", ambalo ndilo wengi hupewa.

Darasa Lisilo na Kompyuta

Njia hii haihitaji umeme. Chora ardhini visanduku vitatu: cha namba ya kwanza, cha alama, na cha namba ya pili. Mchague mwanafunzi mmoja awe "mashine", na mwingine awe mtoa maagizo. Mashine hufanya lile tu lililosemwa. Agizo lisipoeleweka, hujibu, "Sijaelewa agizo." Kanuni iwe moja: jibu likiwa baya, darasa hurekebisha agizo, wala halimlaumu aliyelitii. Wabadilishane nafasi, na mwalimu naye achukue zamu yake ya kutoa maagizo.

Hata hivyo, tusisahau kwamba mtoto si mashine. Kompyuta ikipewa agizo bovu mara mia haivunjiki moyo. Mtoto akiwekewa alama ya kosa mara kadhaa kwa kutii, huacha kunyosha mkono, na baadaye huamini kwamba hisabati si yake. Kwa hiyo, kabla ya kuweka alama ya kosa katika daftari, mwalimu amwulize mwanafunzi swali moja: "Umefuata agizo gani?" Kisha amsikilize hadi mwisho. Mara nyingi kitakachohitaji kusahihishwa ni agizo lenyewe, na kazi hiyo ni ya mwalimu.