Kocha Msaidizi na Kauli ya Kutendwa

Katika vyuo vyetu vya ualimu, mwalimu wa Kiswahili aghalabu hukabidhiwa kazi ya pili ambayo hakuisomea. Mmoja hupewa ghala, mwingine kwaya, mwingine bustani ya mboga. Mimi, nilipofika chuoni mwaka 2006 nikiwa na Stashahada ya Elimu na sanduku moja la bati, nilipewa mpira wa wavu. Mkuu wa chuo aliutazama urefu wangu, akasema kwamba kocha wa wasichana alihitaji msaidizi. Tangu siku hiyo hadi mwaka 2019 nilikuwa kocha msaidizi. Sikupanda cheo wala sikushuka. Ndugu walimu, napenda kuwasimulia kazi hiyo, pamoja na jambo moja nililolitenda humo, ambalo lilinichukua miaka minane kulisema kwa sarufi iliyo sahihi.

Kazi ya msaidizi huanza kabla ya wengine kufika, na huisha baada yao kuondoka. Saa kumi alasiri nilikuwa nikiubeba wavu begani na mipira katika gunia. Uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Mistari yake tuliichora kwa majivu ya jikoni, kwa kuwa chokaa ilikuwa ghali. Wavu wa wanawake hufungwa kwa kimo cha mita 2.24, nami nilikuwa na ufito niliouchonga kwa kipimo hicho hasa, nikauhifadhi juu ya kabati la vitabu. Nilijaza mipira upepo, nikafunga vidole vilivyoteguka, nikaandika daftarini kila mpira ulioanzishwa ukapotea, pamoja na jina la aliyeupoteza. Kocha mkuu alisema, mimi nilihesabu.

Hata hivyo kazi ile ilinipa faida kubwa ya lugha. Hapa Uganda Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini sheria haibadilishi moyo wa mtu kwa siku moja. Wanafunzi wengi walikuwa wamekuzwa wakiamini kwamba hii ni lugha ya askari, lugha ya kuamriwa. Darasani walininyamazia. Uwanjani hawakuwa na nafasi ya kunyamaza, kwani timu ina miguso mitatu tu kabla ya kuurudisha mpira upande wa pili, na mchezaji asiyeita hugongana na mwenzake. Basi tulikubaliana tuitane kwa Kiswahili. Pokea! Inua! Piga! Aliyeutaka mpira alilia, "Wangu!" Nami jioni ile ile niliwaeleza kwa nini ni "wangu": mpira umo katika ngeli ya M-MI, lingekuwa embe linaanguka, wangelia "Langu!" Hawakusahau tena. Miezi mitatu baadaye, msichana ambaye hakuwahi kufungua kinywa darasani alimkabili mwamuzi akisema, "Mpira umegusa mstari, haukutoka!" Alishindwa katika hoja, lakini upatanisho wake wa kisarufi ulikuwa timamu.

Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1895 na Mmarekani William G. Morgan katika mji wa Holyoke, jimbo la Massachusetts, kwa ajili ya watu wazima waliotaka mazoezi yasiyo na kukumbana. Mwaka 1964 uliingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Tokyo. Wasichana wetu, lakini, hawakumjua Morgan. Waliwajua wanawake wa Kenya, jirani zetu, waliokwisha kushiriki Olimpiki za Sydney mwaka 2000 na Athens mwaka 2004. Picha yao iliyokatwa gazetini ilibandikwa katika mlango wa bweni. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa nasimulia mchezo wa kupoteza wakati. Kwa baadhi ya wasichana wale, timu ndiyo iliyokuwa mahali pa pekee walipohesabiwa kuwa watu wenye nguvu.

Mwaka 2011 tulipata nafasi ya kushindana na vyuo vingine. Siku mbili kabla ya safari, kocha mkuu alinijia nyumbani pamoja na msichana mrefu ambaye sikuwahi kumwona chuoni. Akanipa fomu ya kuandikisha wachezaji, akaniambia, "Ndugu yangu, hati yako ni nzuri. Mwandike huyu kwa jina la yule wa akiba." Yule wa akiba alikuwa mwanafunzi wetu wa kweli, mwembamba, mwenye bidii, ambaye katika daftari langu alikuwa amepoteza mipira michache kuliko wote. Nilijua kwamba tulikuwa tunaleta mamluki. Nilijua pia kwamba msaidizi haulizi. Nikaliandika jina. Nikabandika picha ya mgeni. Mwenye jina aliambiwa kuwa nafasi katika basi hazitoshi, akabaki bwenini.

Tulishinda, tukarudi na kombe. Wiki tatu baadaye chuo kimoja kilileta malalamiko, na kamati ya michezo ikatuita. Kocha mkuu aliieleza kamati kwamba msichana wa akiba mwenyewe ndiye aliyempa mgeni kitambulisho chake. Kisha mwenyekiti akanigeukia, akauliza habari ya fomu. Mimi, mwalimu wa lugha, nikasimama na kujibu: "Jina liliandikwa kwa makosa."

Tafadhali itazameni sentensi hiyo. Haina kosa la sarufi. Kiima kipo, kiarifu kipo, upatanisho umekamilika, na kiambishi cha kutendwa kimekaa mahali pake. Ila mtendaji hayumo. Nilikuwa nimelifundisha jambo hili mara nyingi ubaoni: kwamba kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumwacha mtendaji nje ya sentensi, ama kwa kuwa hajulikani, ama kwa kuwa si wa lazima. Siku ile niligundua sababu ya tatu ambayo haimo katika vitabu vyetu: kwamba mtendaji anaweza kuwa ndiye msemaji, naye anajificha.

Kombe lilichukuliwa. Kocha alihamishwa. Mwenye jina alifungiwa miaka miwili asicheze, na kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa miaka yake ya masomo iliyosalia, alimaliza chuo bila kuugusa mpira katika mashindano hata mara moja. Jioni alikaa ukingoni mwa uwanja akiwatazama wenzake. Mimi niliendelea kuupima wavu. Alinisalimu kila siku kwa heshima ile ile, nami nikajidanganya kwamba hakujua.

Mwaka 2019 nilihudhuria semina ya walimu wa Kiswahili. Wakati wa chai mwanamke mmoja alinisogelea, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nilimtambua kabla sijaitikia. Alikuwa anafundisha katika shule ya msingi, na alitaka kusimamia timu ya watoto. Lakini kila alipoomba, habari ile ya zamani ilitajwa tena. Adhabu ilikuwa imekwisha, doa halikwisha. Nilitaka kumwambia, maneno yakanikwama. Akanisaidia.

"Nilijua tangu siku ile, Mwalimu. Kamati ilinionyesha fomu. Herufi yako ya 'j' ina mkia unaorudi nyuma. Tuliiona ubaoni kila siku."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa mwanafunzi. Nilingoja wewe useme."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimaliza chai yake, akarudi kitini kwa ajili ya mada iliyofuata, ambayo, kama nakumbuka vema, ilihusu viambishi.

Usiku ule niliiandikia kamati barua. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili, ikieleza hali ya chuo, shinikizo la ushindi, na cheo changu kidogo. Niliichana. Barua niliyoituma ilikuwa na sentensi tatu: Mimi niliandika jina hilo. Mimi nilibandika picha hiyo. Mwenye jina hakujua. Kocha mkuu sikumtaja, kwani sikuwa nimeulizwa habari zake, na kalamu niliishika mimi. Baada ya miezi miwili kamati ilimsafisha yule mwalimu kwa maandishi, naye akaipata timu yake. Mimi nilipewa onyo, nikaondolewa katika kazi ya ukocha. Hivyo ndivyo ilivyoisha safari yangu ya miaka kumi na mitatu: bila sherehe, na bila kuonewa.

Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko, na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, tuliukuta wavu umeliwa na panya ghalani. Wanafunzi wapya walinunua mwingine kwa michango yao. Jioni moja walinijia kuuliza kama ni kweli kwamba nina ufito wa kipimo. Niliushusha kutoka juu ya kabati, nikawapa. Sina cheo uwanjani siku hizi, napita tu, na mara nyingine nasikia mtu analia "Wangu!" nami nafurahi kwamba ngeli bado iko salama.

Kauli ya kutendwa naifundisha bado, maana ni mali halali ya lugha yetu na haina hatia. Lakini nimeongeza zoezi moja. Naandika ubaoni, "Jina liliandikwa," kisha nawaomba wanafunzi waikamilishe sentensi kwa kutumia "na". Wengi huandika "na karani". Wengine "na mzazi". Baada ya kusahihisha madaftari yao yote, huichukua chaki, nikaandika jibu langu: na mwalimu.