Goma: Neno moja lilitukimbizia watoto wa skauti

Juma lililopita viongozi wawili wa skauti walikuja kunitafuta kwenye redio. Mmoja ni kijana wa mtaa wetu, mwingine ni dada anayefundisha masomo ya msingi. Walikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, komunike ya mistari sita, wakaniomba niisome kisha habari za jioni. Ilisema kundi lao linaanza tena na kwamba watoto na vijana wote, toka miaka 7, wafike Jumamosi kwenye uwanja wa parokia ili kujiandikisha.

Niliisoma polepole, nikaiweka mezani, nikawaambia: “Mukae kwanza.”

Sikukataa. Nilikumbuka tu kazi niliyoifanya mwenyewe mwaka 2023, na sikutaka tuirudie.

Wasikilizaji wengi wanaijua skauti kwa kuiona barabarani siku ya sikukuu: fulari shingoni, shati la kaki, watoto wanaimba. Kwetu Kongo iko toka wakati wa Wabelgiji, miaka ya 1920. Aliyeianzisha ni Mwingereza Baden-Powell, aliyepiga kambi na wavulana wapata 20 kwenye kisiwa cha Brownsea mwaka 1907. Huyo bwana alikuwa jenerali wa jeshi. Nalitaja hilo kwa sababu watu wanapoona kaki, filimbi na watoto wamepanga mstari, wanawaza kambi ya askari, na si wajinga kuwaza hivyo. Wazee nao wana lao. Wanakumbuka jinsi Mobutu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alivyofunga mashirika ya vijana ya makanisa, vijana wote wakabaki chini ya JMPR, tawi la vijana la chama chake. Baba yangu mpaka leo akisikia mtu anakusanya vijana anauliza: “Ni juu ya nani?”

Sasa turudi mwaka 2023. Mwezi wa Novemba 2022 Rais Tshisekedi alikuwa amewaita vijana wajiunge na jeshi, na wengine wajipange katika vikundi vya kulinda mitaa yao. Hapa Goma tuliona vijana wamepanga mstari kwenda kutoa majina. Kwa hiyo katika miezi ile, mtu akisema “kuandikisha vijana”, kila mama wa mji huu alielewa jambo moja tu. Na mji ulikuwa umezungukwa na kambi za wahami, jamaa zilizotoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, nyingi zikiwa zimekimbia hasa ili wana wao wasichukuliwe na watu wenye silaha.

Kiongozi wa skauti wa parokia aliniomba nimsaidie kupata watoto wapya. Niliandika komunike mimi mwenyewe, na nakiri niliiona tamu. “Vijana wenye nguvu na nidhamu, njooni mujiandikishe! Mutapewa mafunzo, mutavaa nguo za skauti!” Niliisoma siku tatu, asubuhi na jioni, kwa sauti yangu ya mpira.

Jumamosi walifika wavulana wanne, wote walikuwa maskauti tayari. Na mwanaume mmoja wa miaka karibu arobaini, aliyesimama pembeni muda mrefu, kisha akaja kuuliza kama kuna mshahara.

Tulicheka. Jumatatu nilikwenda kambi ya Lushagala, upande wa Mugunga, kuulizia habari ya maji. Nilipoanza kuongea kwenye mikro, mama mmoja aliinuka kwenye mstari wa bidoni zake. Alitambua sauti. “Ni wewe ulisema batoto bajiandikishe?” Nikasema ndiyo, mama, lakini ilikuwa ya skauti. Akasema yeye hajui skauti. Anajua kwamba mwanawe mkubwa, miaka 15, alichukuliwa njiani akitoka shambani, na kwamba Jumamosi ile alimfungia mdogo ndani ya hema toka asubuhi mpaka giza, kwenye joto la shitingi, juu ya sauti yangu. Wamama wengine waliokuwa kwenye mstari wakasema na wao walifanya hivyo.

Sikupata la kumjibu. Nilizima mikro.

Yule dada mwalimu ndiye alinionyesha njia nyingine, bila kunipa somo lolote. Hakuja redioni. Alikwenda kwa rais wa kambi na kwa mkubwa wa bloki, akaomba ruhusa, akarudi na vijana watano na kamba. Mvua za Septemba zilikuwa zimeanza. Udongo wa Mugunga ni mawe ya volkano, kigingi hakiingii, kwa hiyo watu walikuwa wanaweka mawe juu ya shitingi na upepo ukija unabeba kila kitu. Wale vijana walifunga kamba kwenye jiwe kubwa, kisha kwenye mti wa hema, kwa fundo ambalo unalivuta linakaza, unalisukuma linalegea, bila kufungua. Walianza na mahema ya wajane na wazee. Hawakuongea habari ya skauti.

Watoto wa kambi walifuata, kwa sababu mtoto hawezi kuona fundo kama lile na asitake kulijaribu. Juma la pili walikuwa wanafungiana miguu. Juma la tatu wamama wenyewe waliuliza: “Nani anawafundisha hii?” Hapo ndipo dada akasema: mje Jumamosi muone kwa macho yenu, na mtoto asije bila mzazi.

Miezi miwili hakuna jina lililoandikwa. Hesabu ilikuwa ya vichwa tu. Na siku daftari lilipofunguliwa, halikukaa kwa kiongozi. Alilitunza mama mmoja wa kambi aliyechaguliwa na wamama wenzake. Yeye ndiye aliandika mtoto baada ya mzazi kukubali. Naona hilo ndilo lilimaliza woga kuliko maneno yote. Watu walikubali majina ya watoto wao yaandikwe kwa sababu walijua yanalala kwenye hema gani.

Mengine waliyabadilisha kidogo kidogo, kwa kukosea na kurekebisha. Filimbi iliachwa siku ya kwanza kabisa: ilipopigwa, watoto wawili walilala chini kifudifudi. Wakatumia makofi na wimbo. Zile fimbo ndefu za maskauti zilibaki parokiani, kwa maana ukiwa mbali jioni hujui ni fimbo ama ni kitu kingine. Kutembea kwa mstari barabarani, hapana. Shati la kaki nalo likaachwa, na hapa palikuwa na sababu ya pili. Nguo za skauti ni pesa, na watoto wa kambi walikuwa wanasimama kwenye ukuta wakitazama wenzao waliovaa. Fundi mmoja wa mtaa alishona fulari za kitenge kutoka mabaki ya nguo. Kila mtoto akafunga yake juu ya nguo aliyo nayo. Kuna viongozi wa zamani ambao hawakupenda, walisema skauti bila shati si skauti. Mimi si skauti, lakini niliona watoto waliingia siku shati lilipotoka.

Wasichana hawakuja. Tulidhani ni aibu, kumbe ni saa. Jumamosi asubuhi msichana wa kambi yuko kwenye mstari wa maji ama anatafuta kuni. Mkutano ukahamishwa saa tisa ya mchana, karibu na bomba, na wakaambiwa waje na bidoni zao. Wengine walikuja na mdogo mgongoni, wakajifunza mafundo hivyo hivyo. Na palikuwa na sharti ambalo dada hakulegeza hata siku moja: watu wazima wawili kila mara, mmoja awe mwanamke, hakuna kiongozi kubaki na mtoto peke yake, na mzazi aingie saa yoyote anayotaka. Mabaya yanayotendewa wasichana katika kambi tunayajua wote. Kundi lisilosema sharti hilo wazi, mbele ya wazazi, lisishangae likikosa wasichana.

Shida kubwa ilitoka upande ambao hatukuutazama. Kila kikundi kidogo, kile wanachokiita patruli, kilikuwa na watoto wanane: wanne wa mtaa, wanne wa kambi. Wazazi wa mtaa wakalalamika. Ilikuwa wakati wa kolera, na mama mmoja alisema mbele ya watu kwamba hatatuma mwanawe akachukue ugonjwa wa wahami. Viongozi waliweka ndoo, sabuni na majivu mlangoni, kila mtoto ananawa kabla ya salamu. Baadhi ya wazazi walitulia. Yule mama alimtoa mwanawe na hakumrudisha. Ni jirani yangu. Mpaka leo tunasalimiana tu.

Halafu kuna wale wa miaka 15 mpaka 17. Ndio wanaotafutwa na kila mtu, na fundo haliwaiti. Waliona ni mambo ya watoto. Kilichowaita, samahani nikijisifu kidogo, ni mikro. Tuliwapa dakika kumi kila Jumamosi, wasome majina ya jamaa wanaotafuta ndugu waliopotezana njiani. Kijana mmoja aliyekuwa amekataa mara tatu kuja alifika na shati lililopigwa pasi, sijui pasi aliitoa wapi kambini. Kijana wa umri ule anataka kazi yenye maana ambayo watu wanaiona. Akiikosa kwetu, wapo wanaompa.

Watu wa kambi waliuliza pia: “Mutatugawia nini?” Jibu lilikuwa hakuna. Hakuna sabuni, hakuna uji, hakuna orodha ya msaada. Lilikuwa jibu gumu, na baadhi waliondoka. Lakini nimeona kundi lingine la vijana likianza kwa biskuti. Siku biskuti zilipokwisha, uwanja ulibaki na mbuzi. Na msidhani watoto ndio wagumu kupata. Wagumu ni watu wazima. Kiongozi mmoja na watoto sitini, kundi linakufa kabla ya Noeli. Walimu waliohama na masomo yao, wakakaa kambini bila kazi, ndio waliookoa lile kundi. Watatu. Kila mmoja alifuatwa hemani kwake, akaombwa kwa heshima kama mwalimu.

Na tusinyang'anyane. Mtoto aliye Xaveri ama Kiro aachwe pale pale, yuko mahali pazuri.

Februari 2025 kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa katika siku chache. Mahema yalishuka, zile kamba nazo. Jamaa zilichukua njia ya Sake, ya Masisi, ya Rutshuru, nyingine ziliingia kwa ndugu hapa mjini. Mama wa daftari alikwenda na wake. Miezi mingi hatukumsikia, kisha akapigia dada simu. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba daftari alilichoma njiani. Kulikuwa na vizuizi mbele, na hakutaka mtu akute kwenye mzigo wake karatasi yenye majina ya wavulana na umri wao. Alilia kwenye simu akidhani ameharibu kazi yetu.

Ndiyo sababu wale viongozi wawili walikuja juma lililopita. Hawana jina hata moja. Wanajua tu kwamba baadhi ya watoto wako hapa mjini, katika nyumba za watu, na hawajui waanzie mlango gani.

Tulikaa saa nzima na ile karatasi. Neno “kujiandikisha” tulilifuta kwanza. Kisha tukafuta umri. “Vijana” ikawa “wazazi pamoja na watoto wao”. Saa ikawa tisa ya mchana. Tukaandika kwamba hakuna pesa inayoombwa, hakuna kitu kitakachogawiwa, hakuna jina litakaloandikwa siku hiyo, na kwamba mzazi anaweza kuja peke yake kutazama na kurudi nyumbani. Kijana alitaka tuweke wimbo wa skauti nyuma ya sauti. Nikamwambia aweke watoto wenyewe, waliobaki, waseme salamu kwa ndugu zao. Tutawarekodi Jumatano, bila majina.

Tulipomaliza, dada aliomba nafasi ya mstari mmoja zaidi mwishoni. Aliuandika yeye mwenyewe, na nitausoma jinsi ulivyo: “Mama uliyetutunzia daftari Lushagala, kama unatusikia huko uliko, ulifanya vizuri.”